Kilio cha Mazoezi

Sakafu ya ukumbi wa welfea, jumba la starehe na mikutano pale Temeke, ilipakwa rangi Jumatano, na hiyo rangi ndiyo iliyoleta balaa lote. Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa wilaya, alikuwa anakuja Jumamosi kutazama mchezo, na wakubwa hawakanyagi sakafu ya vumbi, kwa hiyo ikapakwa rangi nyekundu. Na rangi nyekundu ya mwaka ule wa hamsini na tatu, wallahi, ilikuwa haikauki. Alhamisi saa tisa na nusu karani Gozbert akainama mlangoni, akagusa sakafu kwa kidole, kidole kikatoka chekundu. Akakitazama kama mtu aliyeumwa na nge.

Huyu Gozbert alikuwa mtu wa Bukoba, karani wa kampuni moja ya mkonge huko mjini. Mfukoni mwa shati alichomeka peni tatu, na yenye wino ilikuwa moja tu. Mchezo aliutunga mwenyewe, akaupiga taipu mwenyewe, na kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akiwafundisha watu wa Temeke namna ya kuingia jukwaani bila kuwapungia mkono ndugu zao. Wiki hiyo ya mwisho alikuwa hali, halali, na kila akizungumza mdomo ulimkauka.

"Kesho Ijumaa, wenzetu mnakwenda msikitini," alisema. "Jumamosi mie niko ofisini hadi saa sita. Tusipofanya leo, hatufanyi tena. Sasa tutafanyia wapi? Nauliza, wapi?"

"Kwa Bi Hamisa kuna ua mpana," akajibu Hija.

Hija alikuwa fundi cherehani, kijana mwenye maneno mengi, na katika mchezo yeye ndiye mwana wa Hamisa. Alisema vile bila kufikiri, kama alivyozoea. Watu wote wakageuka kumtazama Hamisa.

Ilikuwa akatae. Mwanamke mtu mzima, mzaliwa wa pwani, anayejua kila nyumba ya mtaa wake ina masikio mangapi, ilikuwa aseme: jamani, mchezo una maiti ndani yake, na kwangu hapafai. Lakini alimwona Gozbert anavyotetemeka na kile kidole chake chekundu, akamhurumia. Akasema, "Haya, twendeni. Ila sauti chini."

Sasa lazima nikueleze habari za Hamisa, maana bila hizo hutaelewa kwa nini miguu yake ilikuwa mizito njia nzima.

Hamisa alikuwa muuza vitumbua, mjane wa siku nyingi, mama wa mtoto mmoja tu, Salumu. Mwaka wa arobaini na tatu Salumu aliandikishwa jeshini, siku moja na jirani yao Nikodemu, wakapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, kupigana na Mjapani. Mwaka uliofuata ikaja barua. Haikusema amekufa. Ilisema haonekani. Hamisa akamwambia aliyemsomea, "Rudia hapo." Akarudia. "Haonekani," Hamisa akasema, "basi hata mie nikienda kisimani huku nyumbani sionekani."

Vita vilipokwisha Nikodemu akarudi. Akaja barazani kwa Hamisa, akala wali, akanywa chai, akasema yeye na Salumu walitengana kwenye mto mkubwa, usiku, mvua inanyesha, na hakumwona tena. Hamisa akalishika hilo neno la kutengana kwa mikono miwili. Waliotengana hukutana, alisema. Mwaka wa kwanza majirani waliitikia. Mwaka wa pili walinyamaza. Mwaka wa tatu Zuena, shoga yake wa mlango wa tatu, akathubutu kumwambia, "Shoga, tumsomee mtoto khitma. Hata kama yu hai, dua haimdhuru." Hamisa akamfukuza na upawa mpaka barabarani.

Maneno huumba, ndivyo alivyoamini. Mama akimlilia mwanawe aliye hai, ni yeye anayemuua. Kwa hiyo hakulia. Hakukaa jamvini, hakupokea pole ya mtu, na kila Idi alimpelekea Hija kitambaa cheupe amshonee Salumu kanzu, kila mwaka pana kidogo kuliko ya mwaka jana, kwa kuwa mtoto huko aliko lazima ananenepa. Hija na domo lake lote hakupata kumuuliza vipimo. Alishona tu.

Mchezo nao ulimwingia kwa bahati. Gozbert alitafuta mama mwenye ulimi, na nani Temeke angemshinda Hamisa kwa ulimi? Ulikuwa mchezo wa kuchekesha: mama anakataa mwanawe kupelekwa hospitali, anamwita mganga, mganga anakula kuku watatu, mwishowe mtoto anapelekwa hospitali na kupona. Kwa miezi mitatu Hamisa alipita kuwagongea wenzake milango, wakaongozana kwenda ukumbini wakicheka, wakarudi wakicheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Salumu aondoke. Usiku alipolala alikuwa akiyarudia maneno ya mchezo badala ya kuhesabu miaka.

Halafu wiki mbili kabla ya siku yenyewe, bwana mmoja wa ofisi aliyepewa mchezo ausome akasema mafunzo hayajakaa sawa. Aliyekataa hospitali atapona vipi? Afe. Gozbert akachomoa ile peni yake yenye wino, akamuua kijana wa watu kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: *Mama analia kwa uchungu.*

Tangu siku hiyo Hamisa alichekesha watu mpaka mbavu ziwaume, lakini akifika penye maiti alisimama wima, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Hapa nalia." Kisha akaenda kukaa.

"Bi Hamisa, lia basi," Gozbert angesema.

"Nitalia Jumamosi."

"Kilio huanza mfiwa, Bi Hamisa," Hija angetia neno kutoka chini ya shuka. "Wewe usipoanza mie nitakuwa nimekufa bure."

Watu walicheka, naye alicheka nao.

Basi siku hiyo walipofika kwake, Hamisa alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akaufunga na wa uani, akachungulia kwenye ua wa makuti kama kuna tundu. Walikuwa watu wanane jumla. Kabla hawajaanza, Gozbert akamwita kando, karibu na mtungi wa maji, akamwambia kwa adabu, lakini macho yake hayakutulia.

"Bi Hamisa, nakuheshimu kama mama aliyenizaa. Lakini Jumamosi kuna watu mia tatu na Bwana Shauri mbele. Mtoto amekufa, mama anasema hapa nalia? Watanicheka mie, watakucheka wewe. Leo usipolia, kanga atavaa Fransis."

Fransis ndiye aliyekuwa mganga, mrefu, koromeo kubwa, ila akiamua aliweza kutoa kisauti chembamba cha kike. Alikuwa amesimama karibu, akajifanya hasikii, na Hamisa akaona ameshakishika kile kipande cha kanga cha mchezo mkononi.

Wakimpa Fransis kanga, basi Jumatatu hakuna wa kumgongea mlango. Atarudi kwenye vitumbua vyake na ile nyumba yenye ukimya. Na akilia, je? Akafika mpaka hapo akashindwa kuendelea kufikiri. Akatia maji kwenye kata, akanywa.

"Nitalia," alisema. "Nitalia kidogo."

"Kidogo ya kusikika," Gozbert akasema.

Akajipangia njia. Mtoto wa kwenye mchezo jina lake lilikuwa Sefu. Basi atamlilia Sefu. Sefu, Sefu, si mwingine. Akaingia chumbani kidogo, akasimama gizani, akanong'ona: "Mola wangu, huu ni mchezo, na wewe unajua ni mchezo. Usije ukaandika kitu."

Mazoezi yakaanza vibaya. Fransis akasahau maneno, akala kuku wa pili kabla ya wa kwanza. Tunguri, kile kibuyu cha dawa za uganga, likamponyoka likavunjika. Gozbert akawa anafuta jasho kwa karatasi zile zile za mchezo, wino wa taipu ukaanza kumpaka usoni. Kila kitu kilichokuwa sawa Jumanne kilikuwa kombo siku hiyo, na kila kosa lilimfurahisha Hamisa kisirisiri, kwa sababu lilichelewesha ile sehemu. Lakini ikafika. Itakosaje kufika?

Hija akapanda kitandani, kitanda cha kamba cha Hamisa mwenyewe kilichotolewa uani. Wakamfunika shuka jeupe. Kwenye ukumbi kulikuwa na shuka refu la welfea, ila lilibaki huko kwenye rangi, hivyo wakachukua la Hamisa, nalo lilikuwa fupi. Walipomfunika kichwa, miguu ikabaki nje.

Hamisa akasogea. Alikuwa ameshajiandaa kutazama shuka, akijiambia Sefu, Sefu. Akaona miguu. Miguu ya kijana, visigino vina vumbi la njiani, kidole gumba kimejikunja kidogo kwa ndani kama cha watoto wanaokua wakivaa makubadhi ya kuazima. Hakuna alichofikiri. Ilikuwa ni miguu tu, na yeye alikuwa mama mbele yake.

"Salumu!"

Hakuijua ile sauti. Ilitoka chini, ikapasua kifua ikipita.

"Salumu! Salumu wangu mie! Umeniacha na nani, baba? Umeniacha na nani?"

Gozbert, masikini, akaruka kwa furaha. Akaandika pembeni mwa karatasi VIZURI SANA, akapiga mistari miwili chini yake. Akasubiri Hamisa amalize ili Fransis aingie. Hamisa hakumaliza. Alikuwa ameanguka magoti, amekumbatia mguu wa kitanda, anamwita mwanawe kwa jina lake, na jina la babu yake, na lile jina la utani la utotoni ambalo hakuna mtu pale aliyepata kulisikia. Gozbert akashusha karatasi. Akaanza kuogopa, ingawa hakujua anaogopa nini.

Sasa sikiliza. Kwao Gozbert sijui wanafanyaje, lakini Temeke kilio hakiulizwi. Mwanamke akisikia kilio haangalii saa, hatumi mtu akapeleleze. Anajifunga kanga kiunoni, anachukua kilichopo, anakwenda. Kuuliza ni kwa baadaye, ukishafika. Na mtaa mzima ulikuwa umeingoja sauti hiyo ya Hamisa kwa miaka tisa. Zuena alikuwa anachambua mchele barazani kwake. Alipolisikia jina la Salumu, aliusimamisha ungo ukutani, akasema, "Habari imekuja," akajifunga.

Ule mlango wa mbele na komeo lake haukuwa wa kuwazuia wanawake wa Temeke. Ulifunguka kwa mkupuo mmoja. Wakaingia kumi, kumi na tano, ishirini, na majamvi kichwani, sufuria, kuni, mchele ule ule wa Zuena ndani ya kitambaa. Wakapita ukumbi wa nyumba wakatokea uani, na kitu cha kwanza walichokiona ni maiti kitandani, imefunikwa nyeupe.

"Wamemleta!" akalia Zuena. "Uwii, Salumu wamemleta!"

Ua ukalipuka. Walilia mpaka kuku wa mchezo wakaruka ua wa makuti. Mbele, mlangoni, sauti za wanaume zikaanza kusikika, "Innalillahi," na mtu akiuliza mazishi saa ngapi. Gozbert alikuwa ameinua mikono miwili anasema kitu, mdomo unafunguka na kufunga, nani amsikie? Fransis na mavazi yake ya uganga alijibanza nyuma ya mtungi.

Na Hija? Hija baadaye alisema kwamba kule chini ya shuka alijua jambo moja tu: akiinuka atawaua watu wazima kwa mshituko, asipoinuka atazikwa. Jasho lilimtoka likalowanisha shuka. Alikuwa akiomba mwenye akili zake azungumze. Lakini mama mmoja akaja akaikumbatia miguu yake, akaibusu, na Hija tangu utoto alikuwa ana mtekenyo.

"Nyie," ikasema maiti. "Nyie, mie ni Hija."

Loo! Wawili walizirai pale pale. Mmoja akatoka mbio akapita katikati ya ua wa makuti, na tundu alilotoboa lilikaa mpaka mwaka uliofuata. Hija akaketi, amejishikilia shuka kifuani, anasema shikamooni, shikamooni kwa kila aliyemtazama. Ndipo Gozbert alipopata nafasi. "Ni mchezo!" alipiga kelele. "Jamani mama zangu, ni mazoezi! Mchezo wa Jumamosi!"

Vilio vikakatika kimoja kimoja.

Zuena akamtazama Gozbert kuanzia viatu mpaka zile peni. "Nyie makarani mna wazimu?" akasema. "Mnacheza msiba kwenye nyumba ya mtu?" Lakini hakukaa naye sana. Akamgeukia Hamisa, aliyekuwa bado yupo chini, na sauti yake ikashuka.

"Miaka tisa nimeufunga mdomo wangu, shoga. Nimekwambia tumsomee mtoto, umenifukuza na upawa. Nimekwambia tumwombee tu, hukunisemesha mwezi mzima. Leo umemlilia. Umemlilia kwa ajili ya Bwana Shauri."

Hamisa alijishika mdomo kwa mikono miwili kana kwamba yaliyokwisha kutoka yangeweza kurudishwa. Amesema. Amelitaja jina, mbele ya shuka jeupe, mara ngapi hata hajui. Pengine sasa hivi, huko alipo Salumu, njiani anarudi, kuna gari linamkanyaga. Pengine kuna homa inampanda. Miaka tisa amemshikilia kwa meno, na sasa amemwachia kwa sababu alimwogopa Fransis na kipande cha kanga.

"Sikusema," alinong'ona. "Nilitaka kusema Sefu."

"Kunjeni majamvi," Zuena akawaambia wenzake. "Twendeni zetu. Waambieni na wanaume huko nje hakuna kitu."

Wakaanza kukunja. Wengine walinung'unika, wengine walicheka kile kicheko cha mtu aliyeogopeshwa. Gozbert akamkaribia Hamisa, akainama, na wallahi hata leo nikikumbuka nataka kumzaba kibao, akamwambia, "Pole, Bi Hamisa. Lakini Jumamosi ifanye hivyo hivyo tu."

Hapo ndipo alipoingia Nikodemu.

Alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya mbao kule Keko. Mtu wa baiskeli alikuwa amempigia kelele kutoka barabarani: kwa Mama Salumu kuna msiba, habari za mtoto zimefika. Nikodemu hakungoja ruhusa. Alikimbia njia nzima, na pale nje akawapita wanaume bila kusikia wanachomwambia. Aliingia uani na unga wa mbao umemganda mikononi na kwenye nyusi. Hakutazama kitanda. Hakumwona Hija na shuka lake. Alimwona Hamisa chini, na majamvi, na wanawake wamejifunga viuno, akaenda moja kwa moja akapiga magoti, akamshika miguu.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nisamehe. Mie nilijua."

Gozbert akafungua mdomo. "Bwana, huu ni mch..."

Hamisa akainua mkono. Hakumtazama Gozbert. Aliuinua tu mkono, kiganja wazi, na karani akanyamaza.

Nikodemu alikuwa analia kama mtoto. "Nani amekwambia? Wamekwambia na mie nilikuwapo? Mama, nilitaka kukwambia mwenyewe, Mungu ni shahidi, nilitaka."

Hapo Hamisa alielewa. Hakuhitaji neno la pili. Na ndani ya kuelewa huko aliona njia mbili mbele yake, wazi kabisa. Akisema neno moja, mchezo, Nikodemu atafuta machozi, atasema ashukuriwe Mungu, nilichanganyikiwa tu, na atatoka na siri yake, na Salumu ataendelea kutembea huko alikokuwa akitembea, na Idi ijayo kutakuwa na kanzu. Neno moja tu. Zuena, na jamvi begani, alikuwa akimtazama.

Hamisa akafuta uso kwa ncha ya kanga. Alipozungumza sauti yake haikutikisika hata kidogo. Ungedhani kweli kuna watu walikuja asubuhi na barua, wakakaa, wakanywa maji, wakaondoka.

"Wameniambia," alisema. "Lakini wao hawakuwapo. Wewe ulikuwapo, Nikodemu. Niambie wewe."

Wale wenzake wa mchezo walikuwa wamemwona akichekesha miezi mitatu. Hakuna aliyepata kumwona akifanya kitu kama kile. Gozbert alikuwa ameuma ngumi yake.

Na Nikodemu akasema. Hawakutengana mtoni. Ule mto hata hawakuwa wameufikia. Walikuwa wanapanda mlima wa matope, Salumu mbele yake hatua mbili, risasi ikampata hapa, na Nikodemu akajigusa chini ya kwapa. Hakukaa sana. Aliomba maji, akapewa, hakuweza kuyameza. Afande aliyeandika jina lake kwenye karatasi akauawa kesho yake, karatasi ikiwa mfukoni, na wakati ule hakuna aliyerudi kutafuta karatasi.

"Nilipokuja hapa kukwambia," Nikodemu alisema, "ulinipokea kwa vigelegele, mama. Ulisema Nikodemu kaja, Salumu yuko nyuma. Ukanipikia. Nikashindwa. Nikasema nitamwambia kesho. Kila siku nilisema kesho."

Hamisa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha yule mtu, unautoa unga wa mbao kwenye nywele, polepole, na haikuonekana kama anajua anachokifanya.

"Mlimzika?"

"Tulimzika, mama. Mie, na mtu mmoja wa Kilwa."

"Wewe Mkristo, ulijua wapi?" aliuliza, na sasa ndipo sauti ilipomvunjika. "Mlimwelekeza kibla?"

Nikodemu akainua uso. "Yule wa Kilwa alikuwa amesoma. Alisema huko kibla si kaskazini kama kwetu, ni jua linakozama. Lakini kulikuwa na mvua, mama, siku ya nne hatujaliona jua, na ilikuwa usiku. Hatukujua lilizama wapi. Wenzetu wakasema zikeni tu, twendeni. Tukakataa. Tulikaa naye mpaka kulipokucha. Tulipoona mwanga unatokea upande gani, tukamlaza uso upande wa pili. Yule wa Kilwa akamsomea."

"Mlikaa naye usiku kucha."

"Usiku kucha, mama."

Hamisa akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kisha akajivuta mpaka akaegemea ukuta, akanyoosha miguu mbele yake, akaufunika utosi kwa kanga yake. Akawatazama wanawake wa mtaa wake, mmoja mmoja, na majamvi yao begani.

"Tandikeni," alisema. "Mwanangu amekufa."

Zuena alilishusha jamvi lake, akalitandika karibu kabisa na ukuta, akawa wa kwanza kuketi.